Kuona na Kuonea: Juu ya Kuwafunza Watoto Kuandika Hadithi ya Uonevu



Kila mwezi wa Novemba shule nyingi za hapa Uingereza huweka wiki maalumu ya kupinga uonevu, na watoto wetu hurudi nyumbani na kazi ya kuandika: hadithi fupi, kurasa mbili, juu ya mtoto anayeonewa na wenziwe. Mzazi aliyesomea Mombasa au Tabora huitazama ile karatasi akaona kazi nyepesi. Mwonevu ataonea, mwonewa atalia, mwalimu atatokea, mwonevu ataadhibiwa, na mwisho itatiwa methali. Nusu saa inatosha, mtoto akaoge akalale.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa siku za Jumamosi, nawafunza watoto wa jamaa zetu, waliozaliwa huku na waliokuja wakiwa wadogo. Hadithi za namna hiyo nimezisoma nyingi, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba kazi hii inayoitwa nyepesi imebeba swali zito la akhlaki. Tunapomwambia mtoto aandike kisa cha uonevu, tunamtaka afanye nini hasa? Atuhubirie? Atutolee siri zake? Alipize kwa kalamu kisasi alichoshindwa kukilipiza kwa mkono? Au iko kazi nyingine ambayo hadithi yaweza kuifanya na hotuba ya mwalimu mkuu haiwezi?

Jawabu langu nalitoa mapema ili msomaji anipime njiani. Hadithi ya uonevu ina thamani pale inapomfanya mtoto aingie katika nafsi isiyokuwa yake, na hasa nafsi ya yule aliyekuwapo akatazama. Ikikosa hilo, hata iwe na Kiswahili sanifu na methali tatu, imekuwa karatasi tu.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. Kuonea limetokana na kuona. Twasema kumwonea mtu huruma, kumwonea haya, kumwonea wivu, kumwonea fahari. Katika yote hayo mtu anamtazama mwenziwe na jambo linamwingia moyoni. Lakini ukiyaondoa hayo maneno ya pili, ukasema tu kwamba fulani anamwonea mwenziwe, hapo imekuwa dhuluma. Mwonevu hana upofu. Anaona, tena anaona sana. Amemwona mgeni anavyoona haya kwa matamshi yake, amemwona mnene anavyovuta shati lake, amemjua nani hana kaka mkubwa shuleni. Mwenye huruma naye ameyaona hayo hayo. Kwa hiyo haitoshi kumwambia mwanafunzi awe na jicho kali la mwandishi, kwani jicho kali hata mwonevu analo. Lazima tumuulize: umeshaona, sasa unalifanyia nini hilo uliloliona?

Jambo la pili ni kuujua uonevu wenyewe, maana watoto huuchanganya na kila ugomvi. Dan Olweus, mtaalamu wa saikolojia aliyefanya kazi Norway, alianza kuuchunguza tangu miaka ya 1970, na baada ya vijana watatu wa kaskazini mwa nchi hiyo kujiua mwishoni mwa mwaka 1982, serikali ilianzisha kampeni ya nchi nzima mwaka 1983. Olweus alitoa alama tatu: jambo linafanywa kwa kusudi, linarudiwarudiwa, na wahusika hawalingani nguvu. Nguvu hizo si za misuli pekee. Wingi ni nguvu, kujua lugha ni nguvu, kuwa mwenyeji ni nguvu. Mwanafunzi akizishika alama hizo tatu, ameshapata nusu ya hadithi yake, kwa sababu atajua kwamba ngumi moja uwanjani haimtoshi. Anahitaji siku ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Hapa sisi Waswahili tunayo mizani yetu, nayo ni utani. Sisi tumelelewa katika utani: wa babu na mjukuu, wa mashemeji, wa makabila. Mtu wa nje akisikia mtani anavyomwambia mtani wake msibani, atadhani damu itamwagika. Lakini utani una kanuni. Unayemtania ana haki ya kukurudishia, tena mbele ya watu wale wale. Na siku ya shida, mtani ndiye anayetakiwa kushika jembe na kubeba maji. Basi mtoto akikwambia, "Tulikuwa tunamtania tu," muulize maswali mawili. Je, yeye aweza kukutania vivyo hivyo watu wakacheka? Je, akiumwa utakwenda kumtazama? Jawabu likiwa hapana kwa yote mawili, huo haukuwa utani, na kicheko chake kilikuwa silaha.

Sasa nije kwenye uandishi. Wengi wetu tulifunzwa insha kwa ajili ya mtihani. Huletewa methali ukaambiwa utunge kisa kinachoithibitisha. Katika mtihani wa KCSE wa Kenya swali la namna hiyo ni la kawaida, na kwetu Tanzania pia tumeyaandika. Ni zoezi zuri la lugha na silidharau. Lakini lina kasoro yake: mwisho umeshaamuliwa kabla ya mwanzo. Ukipewa "Mchimba kisima huingia mwenyewe," huna la kufikiri tena, kazi yako ni kumsukuma mwonevu mpaka atumbukie. Mtoto anayeonewa kweli, akiisoma hadithi hiyo, anajua kwamba haimhusu. Yeye kila siku anamwona mchimba kisima anakwenda zake nyumbani salama, amechaguliwa timu ya mpira na walimu wanampenda.

Waingereza wenyewe wana mfano wa kuzingatia. Mwaka 1857 Thomas Hughes alitoa kitabu juu ya shule ya Rugby, aliyosoma yeye mwenyewe, kiitwacho Tom Brown's School Days. Ndani yake yumo mwonevu mkubwa, Flashman, ambaye kwa msaada wa wenziwe anamshika Tom na kumchoma mbele ya moto kwa kuwa amekataa kumuuzia tikiti yake ya bahati nasibu. Msomaji anangojea Flashman afukuzwe kwa hilo. Anafukuzwa kweli, lakini kwa ulevi. Tom anakataa kumtaja aliyemchoma. Sisemi kwamba ni mwisho wa kuigwa. Nasema una ukweli ambao mwisho wa methali hauna: mara nyingi dhuluma yenyewe haihukumiwi, na aliyedhulumiwa hubaki nayo.

Naitaja Rugby kwa sababu nyingine pia. Shule zetu za bweni za enzi za ukoloni zilijengwa kwa mfano wa shule za Kiingereza, na viranja wake, na desturi ya mdogo kumtumikia mkubwa. Aliyesoma bweni Kenya anajua maana ya kuitwa mono, na wa Tanzania anajua maana ya kuitwa njuka. Kufua nguo za watu, kuchota maji usiku, kuimba juu ya meza. Baba wengi wa jamii yetu husimulia mambo hayo kwa kicheko na kumalizia, "Sisi tulipita hapo hapo, na mbona tumekuwa watu?" Swali hilo lastahili jawabu la heshima. Ndiyo, mmekuwa watu. Lakini anayesimulia ni yule aliyebaki. Aliyeacha shule kidato cha kwanza hayupo barazani kutoa ushahidi wake. Na hata aliyebaki, aulizwe mwaka uliofuata, mono wapya walipokuja, yeye alifanya nini. Hapo ndipo hadithi ilipo, na hapo ndipo kicheko hupungua.

Nitatoa mfano ninaoutumia darasani, wa kubuni kabisa. Mvulana wa miaka kumi na mmoja amefika kutoka Tanga katikati ya mwaka wa masomo. Tumwite Hamadi. Mama yake humfungia wali na samaki katika kibakuli cha plastiki chenye mfuniko. Kwenye ukumbi wa chakula, mvulana mwingine, tumwite Idi, anaziba pua na kusogeza kiti. Siku ya pili watatu wanasogea. Siku ya tatu meza nzima inahama. Idi naye ni wetu, wazazi wake ni wa Mombasa, ila yeye kazaliwa hapa. Na mwisho wa meza yuko msichana, Rehema, anayetazama.

Nawaambia wanafunzi waiandike mara tatu, na waandike bila kulitaja neno uonevu, bila kusema fulani ni mbaya na fulani ni mwema.

Mara ya kwanza wanaandika kwa macho ya Hamadi. Hapo karatasi hulowa machozi. Kila sentensi ana huzuni, ana uchungu, moyo umepasuka. Mimi nawauliza: moyo umepasuka, sawa, na wali umekwenda wapi? Kimya. Kisha mmoja anasema labda ameumwaga kwenye pipa. Mwingine anasema akifika nyumbani mama atauliza. Atajibu nini? Atasema kilikuwa kitamu. Na mama akiona kibakuli kimerudi kitupu atafanya nini kesho? Ataongeza. Hapo darasa hutulia, kwa sababu wameona wenyewe kwamba uchungu wa Hamadi hauhitaji kuelezwa. Uko ndani ya kijiko kimoja cha ziada ambacho mama anatia kwa furaha.

Mara ya pili wanaandika kwa macho ya Idi, na hapo huanza malalamiko. Kwa nini tumwandikie mwonevu? Nawauliza: mwaka jana Idi alikuwa akila nini mchana? Hawachelewi kugundua. Idi naye alikuja na kibakuli. Naye alihamiwa meza. Alimlilia mama yake mpaka akapewa fedha za kununua chipsi, na tangu hapo amekuwa mmoja wa meza ile. Ameiona harufu ya samaki ikimfuata tena, sasa imebebwa na mtoto wa watu wake, na hofu imemshika asije akahesabiwa pamoja naye.

Wazazi wengine hunijia hapo. Huniambia: mwalimu, ukimfunza mtoto kumfahamu mwonevu, si umeshamtetea? Hilo ndilo pingamizi kubwa, na mimi hulijibu kwa kitabu tunachokijua. Katika Adili na Nduguze, alichokitoa Shaaban Robert mwaka 1952, Hasidi na Mwivu walimtupa ndugu yao baharini kwa husuda. Jini aliyemwokoa Adili akawageuza manyani, na akamwamuru Adili awachape kila usiku. Hatia yao haina shaka, na adhabu yao ina amri. Hata hivyo Adili anawachapa huku moyo wake unamuuma, na kisa hakitulii mpaka wale wawili wamerudishiwa umbo la kibinadamu. Mwandishi hakufuta walilolitenda. Alikataa tu kwamba waishi milele katika ngozi ya mnyama.

Mwanafunzi anayemwandika mwonevu kuwa shetani, jitu, asiye na mama wala historia, amemfanyia kile kile ambacho mwonevu humfanyia mnyonge: amemvua utu ili apate kumpiga bila kusikia uchungu. Kumfahamu Idi si kumsamehe, kwani msamaha ni wa Hamadi kuutoa au kuuzuia, na mwandishi hana haki ya kuutoa kwa niaba yake. Wapo wanafunzi ambao mwisho wa kurasa mbili huwapatanisha hao wawili wakacheza mpira. Huwaambia wautoe huo mwisho, kwani Hamadi hakuulizwa. Lakini ziacheni chipsi za Idi zibaki, ili msomaji ajue hofu huanzia wapi.

Mara ya tatu ni zamu ya Rehema. Darasa huona hapo hapana hadithi. Rehema hakufanya kitu! Nami nasema, naam, hakufanya kitu, andikeni hicho. Siku moja mtoto mmoja aliuliza Rehema alikuwa na nini kwenye mkoba wake. Tukakubaliana alikuwa na kitumbua na samaki, vimefungwa kwenye karatasi ya fedha, na siku zote tatu hakuvifungua. Alikaa na njaa yake, akacheka kidogo wenziwe walipocheka. Hakusogeza kiti. Kiti chake kilisogezwa na mwenziwe naye akakiacha.

Naiona hiyo ya tatu kuwa ndiyo hadithi yenyewe, na sababu si ya kisanaa peke yake. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilisema kwamba karibu mtoto mmoja katika kila watatu duniani alionewa shuleni katika mwezi uliotangulia. Hiyo ina maana kwamba waliobaki, ambao ndio wengi, aghalabu wanakaa mahali fulani kwenye ile meza. Mwaka 1996 Christina Salmivalli na wenziwe nchini Finland walionyesha kwamba uonevu darasani si jambo la watu wawili. Kuna wanaomsaidia mwonevu, kuna wanaomchochea kwa kicheko, kuna wanaojiweka kando, na kuna wachache wanaomtetea mwonewa. Mpango wa KiVa, ulioenezwa katika shule za Finland tangu mwaka 2009, ulijengwa juu ya fikra hiyo: huenda usimbadilishe mwonevu moja kwa moja, lakini ukiwabadilisha watazamaji, mwonevu anakosa baraza. Mtoto anayeandika kwa macho ya Hamadi hujifunza kusikitika. Anayeandika kwa macho ya Rehema hujifunza kwamba palikuwa na nafasi, ndogo tu, ya kufungua karatasi ya fedha.

Limebaki suala la mtoto ambaye kwake hii si hadithi. Wahenga wamesema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kumtaka mtoto mwenye kidonda akitoe kiwe kazi ya nyumbani, kipewe alama saba kwa kumi, ni dhuluma nyingine. Kwa hiyo ninazo kanuni tatu, nami nawaomba walimu wenzangu na wazazi wazipime. Hakuna anayelazimishwa kuandika yaliyompata. Hakuna anayeulizwa mbele ya wenziwe kama kisa chake ni cha kweli. Na hakuna hadithi inayosomwa kwa sauti bila ya idhini ya mwenyewe. Hadithi ni kama shiraa ya mlango: mtoto anakaa nyuma yake akasema asiloweza kulisema uso kwa uso.

Lakini shiraa hiyo ina mpaka. Kabla kalamu hazijainuliwa huwaambia: nikisoma jambo litakalonitia hofu juu ya usalama wako, sitalificha. Nitazungumza na wewe kwanza, faragha, kisha na mwenye dhamana. Wapo wanaosema hilo litawafunga watoto midomo. Huenda likamfunga mmoja. Lakini ahadi ya siri ambayo siwezi kuitimiza ni uongo, na mtoto aliyekwisha kudhulumiwa hastahili kudanganywa na mwalimu wake. Shiraa imewekwa kumkinga na udadisi wa darasa. Haikuwekwa kumkinga na msaada. Na wazazi wa England wajue kwamba msaada huo si hisani ya shule: Sheria ya Elimu na Ukaguzi ya mwaka 2006 inamtaka mwalimu mkuu wa shule ya serikali aweke hatua za kuzuia uonevu wa kila aina baina ya wanafunzi. Unayo haki ya kuomba uonyeshwe utaratibu huo kwa maandishi, hata kama Kiingereza chako unakionea haya.

Nimalizie nyumbani kwetu. Uonevu tunaopenda kuuzungumza ni ule unaotoka nje: mtoto wetu kachekwa jina, kachekwa ngozi, kavutwa mtandio. Upo, na unaumiza. Lakini katika madarasa yetu ya Jumamosi na katika harusi zetu upo mwingine. Mtoto aliyezaliwa huku akikosea ngeli, akasema "kitabu yangu", ukumbi mzima unaangua kicheko na shangazi anamtaka arudie ili wengine wasikie. Mtoto aliyefika juzi akikosea Kiingereza, binamu zake wanamwiga wiki nzima. Wa kwanza anaambiwa si Mswahili, wa pili anaambiwa jogoo la shamba haliwiki mjini. Zipimeni kauli hizo kwa zile alama tatu, kisha kwa mizani ya utani: anaweza kurudisha? Mtoto wa miaka tisa atamrudishia nini shangazi yake?

Kwa hiyo mtoto akikuletea ile karatasi yake ya kurasa mbili, usimpe methali. Muulize nani mwingine alikuwa amekaa pale mezani, na mkononi alikuwa na nini. Akishalizoea swali hilo atalichukua kila aendako, na siku moja, baada ya harusi, njiani kurudi nyumbani, atakuuliza wewe ulikuwa umekaa wapi shangazi alipokuwa akicheka. Itafaa tuwe na la kumjibu.